Mpaka Huu ni Mdogo Kwangu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyoitwa na mtu asiyenijua, nami nikaitika.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na wewe unajua mvua za kwanza huleta nini katika misitu ya kwetu: uyoga. Nilikuwa msichana wa kiasi cha miaka kumi na saba, sijaolewa, miguu yangu miepesi. Nilichukua kikapu nikaingia porini upande wa Ulyankulu, nikawa naokota huku najiimbia. Mara nikasikia sauti ya mwanamke ikiita, "Shija! Shija we!" Nikaitika, "Bee!" nikakimbilia sauti ilikotoka. Enzi zetu mtoto wa kike akiitwa na mtu mzima hakuuliza kwanza ni nani.

Nyuma ya kichuguu nikamkuta mama nisiyemfahamu, mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa begani kwa namna ambayo kwetu hatufungi. Na upande wa pili wa kichuguu akatokea msichana wa rika langu, naye ana kikapu mkononi, naye anatweta. Tulikuwa tumeitika wote wawili.

Mama yule alinitazama mimi, akamtazama yule msichana, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani mabichi. Baadaye sana yule msichana aliniambia kwamba tangu wavuke mpaka hakuwa amemsikia mama yake akicheka.

Hatukuwa na lugha moja siku ile, au tulidhani hatuna. Nilijigusa kifua nikasema, "Shija." Naye akajigusa chake, "Chiza." Wao huandika Ciza, lakini ukisikia kwa mbali porini, mwanangu, hutatofautisha. Nikamwonyesha vidole viwili vilivyoshikana, kisha kimoja kinachofuata, maana hilo ndilo jina langu: mimi ni Shija kwa sababu nilizaliwa baada ya mapacha, dada zangu Kulwa na Doto. Chiza akakodoa macho, akafanya vilevile, vidole viwili kisha kimoja. Akasema, "Bukuru. Butoyi. Chiza." Kumbe kwao pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na anayewafuata ni Chiza, kama kwetu kabisa.

Nilimgeukia mama yake nikitabasamu. Alikuwa ameacha kucheka. Aligeuza uso, akajitia kufuta udongo miguuni.

Basi nikamchambulia Chiza kikapu chake, maana alikuwa ameokota na uyoga mmoja ambao ukiula leo, kesho tunakuzika. Niliutupa mbali, nikamjazia kutoka kwangu. Ndivyo tulivyoanza.

Nakueleza haya kwa sababu juzi, hapa hapa mtaani kwetu Isevya, Tabora mjini, nilikusikia ukimwita fundi wa baiskeli "Mrundi yule," na kwa jinsi ulivyolitamka, neno lilitoka kama unatema kokwa. Hukuniona nimesimama dirishani. Sikukukemea mbele ya wenzako, maana mtoto akikemewa hadharani husikia aibu, hasikii maneno. Sasa kaa hapa, nikueleze watu hao ni nani.

Mwaka ule kwao, Burundi, kulikuwa na machafuko mabaya. Watu walivuka kwa maelfu, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi ziwani, na serikali yetu ikawapokea. Waliletwa kwa malori wakapewa pori la Ulyankulu, panga na jembe, wakaambiwa hapa ndipo penu. Watu waliozoea vilima na migomba walishushwa kwenye tambarare ya miombo na mbung'o. Walikata miti, wakajenga vibanda vya nyasi, wakalima.

Kijijini kwetu hawakupendwa. Sikudanganyi. Baba yangu, Mzee Mihambo, alikuwa mlina asali aliyerithi mizinga yake kwa baba yake, na mingi ilining'inia katika msitu huohuo waliopewa wageni. Msimu ule akakuta mizinga kadhaa imeangushwa na asali imechukuliwa. Nani alichukua? Mpaka leo hatujui. Lakini kidole hakikosi pa kuelekea kukiwa na mgeni. Baba akatukataza sote: hakuna kwenda makazi ya wakimbizi, hakuna wao kuja kwetu.

Mimi na Chiza tulikutana porini, kwa hiyo nilijiambia porini si kwao wala si kwetu. Mama yangu alijua, akanyamaza. Akina mama wa zamani walijua kunyamaza kwa maana.

Chiza alijifunza Kiswahili upesi mno, nami nikaanza kuona sababu: nusu ya maneno yangu, ya Kiswahili na ya Kinyamwezi, aliyaelewa kabla sijamaliza kuyasema. Na yeye alinisimulia kwao. Aliniambia kwao hakuna vijiji. Kila nyumba iko peke yake ndani ya boma lake, imezungukwa na migomba, na mtu akikutana na mwenziwe haulizi unatoka kijiji gani, huuliza unatoka kilima gani. Aliniambia mvua ikinyesha juu ya kilima chao, maji ya upande mmoja huteremka kwenda Ziwa Tanganyika, na ya upande wa pili huanza safari ya kwenda Misri, maana Mto Nili una chemchemi zake za mbali kabisa huko kwao. Nilimcheka. Miaka mingi baadaye mwalimu akaniambia ni kweli, nami nikamwomba radhi nikiwa nimechelewa.

Aliniambia pia jambo ambalo lilinishangaza kuliko Misri. Kwao ndugu wa tumbo moja hawachangii jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa kadiri ya mambo yalivyokuwa siku aliyozaliwa, na baba ana lake, na kaka ana lake. Nikamwuliza, "Sasa mkipotezana mtatafutana kwa jina gani?" Aliinama akaendelea kuokota uyoga. Nikaona nimegusa kidonda, ila sikujua ni kidonda gani.

Kidonda hicho tulikijua asubuhi moja ya mvua, Chiza alipokuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza.

Baba alikuwa barazani akisokota kamba za mizinga. Chiza alisimama uani, maji yanamchuruzika usoni, hakusogea kwenye paa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea njia, binti?"

"Sijapotea. Naomba mama wa amahasa."

"Mama wa nini?"

Alitafuta neno, hakulipata, akainua vidole viwili. "Wifi yangu amezaa wawili. Mmoja hanyonyi vizuri. Mama yao mwenyewe hali, hataki kutoka ndani. Anasema watoto wa namna hii hawatoki nje hivi hivi, na hakuna mtu mzima wa kuwatoa."

"Si mna zahanati huko?"

"Mganga wa zahanati amekuja. Anasema mwili wake hauna ugonjwa."

Baba aliendelea kusokota kamba. Hakuwa mtu katili, mwanangu, nataka ulijue hilo. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ikikaa sana moyoni huanza kujiita busara. Akasema, "Binti, rudi kwenu. Mambo ya kwenu sisi hatuyajui."

Ndani ya nyumba bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anachekecha unga. Bibi Nyamizi alikuwa ndiye mkubwa wa mambo ya mapacha katika kijiji chetu. Wakizaliwa mapacha, hakuna aliyethubutu kuwatoa nje yeye hajafika. Nilisikia chekeche limeacha kulia. Akatoka, mikono myeupe mpaka viwikoni.

"Mihambo." Hakuwa akimwita baba kwa jina mbele yetu. "Mtoto huyu amesema mapacha?"

"Amesema, mama. Lakini hawa ni watu wa nchi nyingine."

"Nchi nyingine tangu lini?"

Baba akakaza kamba mkononi.

"Nakuuliza, tangu lini? Mimi nimezaliwa bendera ni moja, ya Mjerumani, hapa kwetu na kule kwao. Wazungu wakapigana. Wabelgiji wakapita huko kwao wakaja mpaka Tabora mjini, wakakaa, wakaondoka, ndipo wakubwa wao wakakata mstari: huku Mwingereza, kule Mbelgiji. Nilikuwa tayari nasonga ugali. Mpaka huu ni mdogo kwangu, Mihambo. Mimi ni dada yake. Leo kitoto kama hicho ndicho kinizuie mlangoni?"

Chiza alikuwa hajaelewa yote, lakini alielewa sauti. Akasogea hatua moja kwenye paa.

"Na baba yako," Bibi akaendelea, sasa kwa upole, "alipokuwa mpagazi kwenye njia ya misafara, akapelekwa mpaka huko kwao, homa ikamwangusha. Wenzake wakamwacha, maana msafara haumsubiri mgonjwa. Unadhani nani alimwokota? Alilazwa kwenye ngozi ya ng'ombe, katika kilima cha watu hawa, akanyweshwa maziwa mpaka akasimama. Yeye mwenyewe aliniambia. Asingesimama, mimi ningeolewa na nani, na wewe ungezaliwa na nani?"

"Hilo hukuwahi kuniambia, mama."

"Sasa nimekuambia. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Shija, leta kibuyu changu cha unga."

Tuliondoka wanne: Bibi, mama yangu, Chiza na mimi. Baba alibaki na kamba zake. Mvua haikuacha. Mto mdogo wa njiani ulikuwa umeanza kujaa, tukavuka tumeshikana mikono, Bibi katikati kama mtoto.

Kibanda kilikuwa kidogo, na giza lake lilikuwa la moshi na la huzuni. Wifi yake Chiza, jina lake Konsolata, alikuwa amelala amegeukia ukutani. Mumewe, Lazaro, kaka yake Chiza, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajifikiria, alisimama pembeni hajui aweke wapi mikono. Watoto walikuwa wamefungwa pamoja katika kipande cha blanketi. Na pembeni kabisa, karibu na jiwe la moto, amekaa yule mama wa siku ya uyoga. Tulimwita Mama Chiza, kwa kuwa yeye mwenyewe alisema aitwe hivyo.

Bibi Nyamizi hakuuliza mengi. Alimshika Konsolata uso, akamgeuza taratibu.

"Mama wa wawili," akamwambia, "umefanya kazi kubwa. Sasa sisi tumekuja kufanya yetu."

Kisha akamgeukia Mama Chiza, akashangaa kwa sauti: "Lakini hapa kuna mama wa mapacha tayari! Binti yako ni Chiza. Wewe umezaa Bukuru na Butoyi. Kwa nini hukuwatoa wajukuu zako mwenyewe?"

Chiza akainamisha kichwa. Mama yule akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, na mimi mpaka leo nikilala nalisikia neno lile: "Mikono hii imepoteza mapacha. Haiwezi kuinua mapacha."

Ndipo tukajua. Wavulana wake mapacha, Bukuru na Butoyi, walikuwa wametengana nao katika kukimbia. Kundi moja lilishika njia ya mlimani, jingine la ziwani, na hakuna aliyepata kusikia lolote tena.

Bibi hakumpa pole kwanza. Alikaa chini karibu naye, akachukua mikono ile miwili akaiweka juu ya magoti yake, akaipaka unga mweupe kidogo kidogo, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Akasema, "Mwanamke aliyezaa mapacha ni mama wa mapacha, wawepo wasiwepo. Hilo halivuliwi. Mimi nitaanza, Mama Kulwa, mkwe wangu huyu, atainua wa kwanza, na wa pili utainua wewe. Kuanzia leo sikuiti Mama Chiza. Wewe ni Mama Bukuru."

Na hapo, mwanangu, nyimbo zikaanza. Sitakuimbia, maana nyimbo za mapacha za zamani zina utani usiofaa mbele ya mjukuu, na mimi sasa ni mtu mzima mwenye heshima zake. Ila jua kwamba Bibi alipoimba ubeti wa kwanza kwa Kinyamwezi, mama mmoja jirani, Mrundi, akachungulia mlangoni akaujibu kwa Kirundi, na ule wa kwao ulikuwa mchafu kuliko wetu! Wanawake wakaja na mvua yao vichwani, kibanda kikajaa. Konsolata alikaa. Halafu nikamwona anaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka.

Katikati ya ngoma ile mlango ukazibwa na kivuli. Baba. Ameloa mpaka kiunoni.

"Mama, mto umejaa," akasema. "Nimekuja kuwachukua kabla—"

Hakumaliza. Wanawake walipojua huyu ni baba wa mapacha, wakamvuta ndani kama mbuzi wa harusi. Baba wa mapacha ana nafasi yake katika mambo hayo, na utani mkubwa huwa ni wake. Walimkalisha mkekani kando ya Lazaro, wakampaka unga usoni, wakamwimbia mambo ambayo sikutegemea binadamu yeyote angemwimbia baba yangu. Mwanzoni alikaza uso. Kisha Lazaro, yule kijana, akamshika mkono kwa woga, kama mtu anayezama. Baba akautazama ule mkono, hakuuondoa. Baadaye nikamwona anamnong'oneza, "Usiogope. Mimi nilitetemeka kuliko wewe."

Watoto wakatolewa nje pamoja. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mama yangu akamwinua wa kwanza, Bukuru mdogo. Mama Bukuru akasimama mbele ya Butoyi mdogo, mikono yake myeupe kwa unga, akasimama muda mrefu, na hakuna aliyemhimiza. Kisha akainama, akamwinua. Alimlaza shavuni kwake, akasema naye kitu kwa Kirundi ambacho Chiza hakunitafsiria na mimi sikumwomba.

Jumapili padri aliwabatiza. Butoyi mdogo alianza kunyonya vizuri, sisemi ni siku ileile, ila alianza. Mama yake alianza kula, na maziwa hufuata mdomo.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Bado. Msimu wa asali ulipofika, baba, ambaye siku zote aliuza Urambo, akatangaza kwamba atapeleka madebe yake Kigoma kwa treni. Mama akamwuliza, "Kigoma kuna bei gani?" Baba akasema kuna bei. Akaenda. Akarudi hana la maana la kusimulia kuhusu bei. Msimu uliofuata akaenda tena, na mwingine tena. Mwisho mama akambana, naye akasema ukweli: alikuwa anawatafuta wana wa Mama Bukuru, hata kama amebaki mmoja.

Fikiri ugumu wake, mwanangu. Asingeweza kuuliza kwa jina la ukoo, maana nimekuambia ndugu wa kwao hawachangii jina. Na akina Bukuru na Butoyi wako wengi Kigoma yote, kama Kulwa na Doto walivyojaa Tabora. Alichokuwa nacho ni jina la kilima, ambalo Mama Bukuru alimfundisha na yeye alilitamka vibaya, na swali moja alilojitungia mwenyewe. Alishuka kituoni, akazunguka masokoni na mialoni kwa wavuvi, akimwona kijana Mrundi anamsalimia na kumwuliza, "Samahani mwanangu, kuna Butoyi hapa asiye na Bukuru, au Bukuru asiye na Butoyi?" Wengine walimwona ana kichaa. Kuuliza si ujinga, lakini huchosha, na baba hakuwa kijana tena.

Safari ya mwisho alimkuta kijana anaanika dagaa kandokando ya ziwa. Baba akauliza swali lake. Yule kijana aligeuka. Aliweka chini ungo wa dagaa.

"Nani anauliza?"

"Mimi ni mlina asali kutoka Urambo. Wewe ni nani?"

"Butoyi."

"Bukuru wako yuko wapi?"

"Alibaki njiani, mzee. Nilimfukia mwenyewe."

Baba akamtajia jina la kilima. Kijana akamsahihisha matamshi, na alipokuwa anamsahihisha ndipo akaelewa anachosahihisha, akakaa chini mchangani palepale. Baba alituambia hakumbuki asali ile ilifikia wapi. Walipanda treni wote wawili.

Walipofika Ulyankulu, mimi nilikuwapo, nilikuwa nimeolewa tayari na nina mtoto mgongoni. Mama Bukuru alikuwa ametandaza mkeka uani, anatunga majani ya tumbaku kwenye kamba. Akainua macho. Nilijiandaa kusikia kilio kitakachopasua mbingu. Hakulia. Alimtazama kijana yule kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kisha akamwuliza, "Umekula?"

"Bado, mama."

Aliinuka, akaosha mikono, akapakua. Alimkalisha, akakaa mbele yake akimtazama akila mpaka kijana akamaliza na kunywa maji. Ndipo akauliza habari za yule mwingine. Alipoambiwa, ndipo akalia, na sote tukalia naye, na baba yangu akageukia mgomba wa uani akajifanya anautazama.

Kwa Butoyi nilijifunza mengine. Alikuwa amezoea kukaa na ami yake mjini kwao, mji mkubwa wa kando ya ziwa, na akaniambia huko kuna mtaa ambao wenyeji wake huamka na Kiswahili na kulala na Kiswahili, kwa kuwa wazee wao walikuwa wapagazi na askari na wafanyabiashara waliotoka huku, Tabora na Ujiji na Manyema, wakaoa huko, wakabaki. Kwa hiyo ukienda kule, mwanangu, usishangae kumkuta mzee anayekuambia kwamba babu yake ni mtu wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Kama wao walivyo kwetu, nasi tuko kwao. Hata Malagarasi, mto tunaouita wetu, huanzia huko mpakani kwao, huzunguka nchini mwetu, kisha humwagika katika ziwa wanalochangia nasi. Maji hayo hakuna aliyeyaomba hati ya kusafiria.

Miaka ikaenda. Amani iliporudi kwao wengine walirudi, wengine wakabaki wakawa raia. Butoyi alirudi kwenye kilima chao. Alikuta watu wengine wanalima shamba la baba yake, wazee wa kilima wakakaa nao, wakasemezana siku nyingi, mwisho wakaligawa. Hakupata lote, lakini alipata pa kulala. Mama yake hakurudi. Alisema ameshapanda migomba huku na hawezi kuanza tena, akazikwa Ulyankulu. Baba yangu alipofariki, Butoyi alikuja kutoka huko, siku mbili njiani, akakaa mkekani na wana wa marehemu. Hakuna aliyemwuliza kwa nini amekaa hapo. Milima haikutani, binadamu hukutana.

Chiza yupo. Ni raia wa nchi hii, ana wajukuu kuliko mimi, na tukipigiana simu tunagombana nani mkubwa.

Sasa nasaha yangu ni hii, nayo si ndefu. Usimhukumu mtu kwa mstari uliochorwa na watu ambao hawakumjua yeye wala wewe. Jirani usiyemjua, muulize kwao kukoje kabla hujamwambia kwako si kwake. Ukisikia hofu inakuambia funga mlango, iulize imetoka wapi, maana hofu nyingi hazina hata wazazi. Na ukigundua umemfungia mtu mlango, usikae kujutia tu. Inuka ukamtafutie alichopoteza, hata ikikupasa kupanda treni msimu baada ya msimu, hata watu wakikuona huna akili. Baba yangu hakuwahi kutamka neno la kuomba radhi kwa watu wale. Alitafuta. Wao walielewa.

Kesho asubuhi nenda kwa fundi wa baiskeli. Msalimie kwa jina lake, na kama hulijui, mwulize, na ukishaambiwa mwulize lina maana gani. Utapata hadithi, sina shaka.

Mungu akupe macho ya kumtambua ndugu kabla hajajitambulisha. Akupe mlango usiokosa mgeni na chungu kisichokosa cha mgeni. Ukipotea, apatikane mtu wa kukuulizia. Ukipatikana, umkute mama amekaa anakungoja. Nenda, mwanangu, nenda na amani, au kama wanavyosema wao, *amahoro*.